Upasuaji wa goti hauishii mezani kwa daktari

Mama yangu mzazi alifundisha katika shule za msingi kwa miaka 34, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliifundisha akiwa amesimama. Walimu wanaoisoma safu hii hawahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo. Goti lake la kulia lilianza kumsumbua kabla hajastaafu, na la kushoto likafuata nyayo. Mnamo mwaka wa 2018, baada ya harambee tatu na vikao vingi vya ukoo chini ya mwembe wa nyumbani kwetu, karibu na Kendu Bay, goti la kulia lilifanyiwa upasuaji. Upasuaji wenyewe ulifaulu. Daktari alitutolea picha ya eksirei, tukakiona chuma kimekaa mahali pake, kimenyooka kana kwamba kimepimwa kwa rula. Tulishukuru, tukapiga picha, tukaondoka.

Miezi sita baadaye mama alikuwa hawezi kulinyoosha goti lile likanyooka sawasawa, wala kulikunja kupita pembe ya nyuzi 70. Kwa kulinganisha, mtu anayetembea penye tambarare huhitaji kukunja goti takriban nyuzi 65. Anayepanda ngazi huhitaji karibu 90. Na anayeinuka kutoka kwenye kiti cha kawaida huhitaji zaidi kidogo ya hapo. Mama aliweza basi kutembea ndani ya boma lake. Kuingia matatu ya kwenda Kisumu kulimlazimu asukumwe na utingo kama gunia la mahindi.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, goti la kushoto nalo litapasuliwa. Ndiyo sababu ya makala haya.

Mimi si tabibu. Shahada yangu ya uzamifu ni ya isimu, na wanafunzi wangu hunijua kwa fonolojia na semantiki wala si kwa mifupa. Hata hivyo, tangu mwaka ule nimezisoma ripoti za madaktari wa mifupa kama mtu atafutaye shahidi wa kesi yake mwenyewe, na nimewahoji wauguzi na wataalamu wa viungo kila waliponivumilia. Swali langu lilikuwa moja: ikiwa daktari alifanya kazi yake barabara, ni nini kilichoiharibu?

Jibu nililolipata halinipendezi, maana limenirudisha katika taaluma yangu.

Siku ya tano baada ya upasuaji mama aliruhusiwa kurudi nyumbani. Hospitali ile sitaitaja, kwa kuwa sina ugomvi nayo. Aliyetupa maagizo alikuwa muuguzi mchanga, mwenye adabu, huku wagonjwa wengine kumi wakimngojea. Alitukabidhi karatasi ya Kiingereza, kisha akatufafanulia kwa Kiswahili kwamba mama apumzike, asilitumikishe goti kupita kiasi, afanye mazoezi kidogo kidogo, na arudi baada ya wiki sita. Nyumbani shangazi zangu watatu walikuwa wakisubiri kumuuguza. Karatasi ile niliitafsiri mimi, papo kwa papo, kwa Dholuo, nimesimama mlangoni na funguo za gari mkononi, kwani kesho yake nilikuwa na mihadhara.

Karatasi ilisema mto uwekwe chini ya kisigino. Mimi nilisema uwekwe chini ya mguu. Kwa Dholuo nilitumia neno tielo, na tielo, sawa na mguu wa Kiswahili, ni neno pana lianzialo pajani na kuishia vidoleni. Kila mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza hufundishwa kwamba lugha zetu hazikuigawa miili yetu kwa mipaka ile ile iliyochorwa na Kiingereza. Nimelitungia jambo hilo maswali ya mtihani. Mlangoni pale nililisahau.

Shangazi zangu waliuweka mto pale ambapo mgonjwa mwenyewe alipaonyesha kuwa pana nafuu, yaani chini ya goti. Nao hawakukosea kuhusu nafuu hiyo. Goti lililovimba baada ya kupasuliwa hustarehe likiwa limekunjwa kidogo, kwa sababu hapo ndipo nafasi ya ndani hupanuka na shinikizo hupungua. Lakini kovu halingoji. Tishu za nyuma ya goti hufupika zikiachwa katika mkunjo huo usiku na mchana, na goti lisiponyooka katika majuma ya mwanzo, kulinyoosha baadaye ni kazi ya machozi. Mto chini ya kisigino hulilazimisha goti kunyooka kwa uzito wake lenyewe. Ni sentimita thelathini au arubaini tu za tofauti juu ya godoro.

Kuhusu yale "mazoezi kidogo kidogo", muuguzi alikusudia kila mara kiasi kidogo, lakini mara nyingi kwa siku, na kuongeza kila kukicha. Nyumbani tulisikia "kidogo". Aliposema "apumzike" alikusudia asirudi shambani. Sisi tulielewa asiinuke kitandani. Mgonjwa aliyechangiwa na ukoo mzima hawezi kuonekana anatembeatembea uani siku ya kumi. Wageni wangesema hahudumiwi. Wiki ya sita nayo iliangukia matanga ya ami yake. Tulipolikumbuka goti na kurudi hospitalini, mwezi wa tano ulikuwa unayoyoma. Goti lililokakamaa laweza kukunjwa na daktari mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, lakini tendo hilo hufaa zaidi likifanywa ndani ya wiki 12 hivi za mwanzo, kabla kovu halijakomaa. Tulikuwa tumechelewa.

Nadhani tatizo lilianza mapema zaidi, katika jina la upasuaji wenyewe. Tunasema mtu "amebadilishwa goti". Hapa Kisumu tunajua jinsi jina linavyoweza kung'ang'ania: hospitali kuu ya rufaa, ambayo rasmi ni ya Jaramogi Oginga Odinga, wazee wengi bado huiita Russia, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti katika miaka ya 1960. (Wala si huko mama alikopasuliwa.) Jina hilo halimdhuru mtu. Hili la kubadilisha goti lina madhara. Kitenzi kubadilisha hutumiwa kwa gurudumu, betri na balbu: kibovu hutolewa, kizima hutiwa, kazi imekwisha, na chombo hakidaiwi chochote.

Kinachofanywa hasa ni hiki. Mfupa wa paja na mfupa wa muundi hukutana gotini, na ncha zake hufunikwa na gegedu, ile nyama ngumu, nyeupe na telezi ambayo mlaji wa kuku huitambua mwishoni mwa paja. Gegedu ikilika, mfupa husuguana na mfupa. Daktari hukwangua ncha hizo kwa unene wa milimita chache tu, huzivika vifuniko vya chuma, kisha katikati huweka bamba la plastiki ngumu. Ni kazi inayofanana zaidi na ya tabibu wa meno avikaye jino kofia kuliko ya makanika abadilishaye gurudumu. Misuli ya paja ni ile ile aliyokuja nayo mgonjwa. Kano za ubavuni ni zile zile. Ngozi ni ile ile, na aghalabu upande wake wa nje hubaki na ganzi kidogo, kwa kuwa vijishipa vya fahamu hukatwa njiani. Kwa hiyo yule aliyeingia na misuli iliyonyong'onyea hutoka nayo, tena imenyong'onyea zaidi.

Historia ya tiba hii inalo funzo hilo tangu mwanzo. Mnamo mwaka wa 1890, mjini Berlin, daktari Themistocles Gluck alimtilia msichana wa miaka 17 goti lililochongwa kwa pembe ya ndovu, bidhaa ile ile ambayo wakati huo wapagazi wa bara letu walikuwa wakiibeba mabegani hadi pwani. Kifaa kilikaa vizuri. Lakini wagonjwa wa Gluck walikuwa na kifua kikuu kilichokwisha kuingia viungoni, na maambukizi yale yaliishinda pembe. Ilichukua takriban miaka themanini zaidi hadi goti la chuma na plastiki la aina tunayoijua likawa tiba ya kutegemewa, katika miaka ya 1970.

Leo kifaa chenyewe si tatizo tena. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka wa 2019 katika jarida la Lancet, uliojumlisha rejista za nchi kadhaa, ulionyesha kwamba asilimia 82 hivi ya magoti kamili ya bandia yalikuwa bado yamo mwilini baada ya miaka 25. Na bado, katika tafiti za nchi zilizo na hospitali bora, takriban mgonjwa mmoja kati ya watano husema kwamba hakuridhika. Msomaji na azitazame hesabu hizo mbili kwa pamoja. Chuma kinadumu robo karne, ilhali mwenye chuma ananung'unika.

Watafiti waliowauliza wanaonung'unika wamekuta sababu nyingi, na moja ya zile zinazojirudia sana ni matarajio yasiyotimia. Mtu alidhani atapata goti la ujana wake. Hakuambiwa kwamba goti la bandia kwa kawaida hukunjika nyuzi 110 hadi 120, kwamba maumivu na uvimbe huweza kuendelea kwa miezi, na kwamba nafuu huzidi kujijenga hadi mwaka mzima. Huku kwetu pengo hilo kati ya tarajio na hali lina sura yake maalumu. Vipimo vingi vya mafanikio vilitungwa na watu wanaokaa vitini, wanaoketi juu ya vyoo vya kukalia, na wanaocheza gofu. Mama yangu hana haja na gofu. Anahitaji kuchuchumaa katika choo cha shimo, jambo linalotaka nyuzi 130 na zaidi. Anahitaji kuinama kwenye mboga. Na Jumapili anahitaji kupiga magoti. Kwa Dholuo goti ni chong, na kupiga magoti ni goyo chong. Mtu wa kwetu hulitamka neno hilo kanisani mara nyingi kuliko hospitalini. Goti la bandia lililopona kwa kawaida halikatazwi kugusa sakafu, ila wengi huona halistarehe, na wengi zaidi huogopa kulivunja kwa sababu hawakuambiwa lolote. Siku hizi mama huketi ukingoni mwa benchi wengine wakipiga magoti. Alinieleza siku moja, bila kulalamika, kwamba waumini wapya hudhani ana kiburi.

Mtabiri mkubwa wa jinsi goti litakavyokunjika baada ya upasuaji ni jinsi lilivyokunjika kabla. Hapo ndipo lugha inapotudhuru tena. Ugonjwa huu wa kulika kwa gegedu tunauingiza katika kapu la "baridi yabisi". Yabisi ni kikavu, kigumu. Baridi ni baridi. Neno hilo limemeza nadharia ya tiba ya kale ya Waarabu na Wayunani, nayo nadharia hiyo imehamia vinywani mwetu. Mtu wa Dunga au wa Usenge akiumwa na goti husema ni upepo wa ziwa. Hulifunga kwa sweta, hulikanda kwa maji moto na kutulia mahali pamoja akingoja baridi itoke. Kumbe upepo wa ziwa hauna hatia. Uzito, umri, majeraha ya zamani na nasaba ndivyo vinavyohusika zaidi, na kutulia mahali pamoja huunyong'onyesha msuli wa paja, ambao ndio mlinzi wa goti. Mgonjwa hufika mezani kwa daktari akiwa amepoteza tayari nyuzi na nguvu ambazo hakuna kisu kitakachozirudisha.

Yapo mengine ya kabla ya upasuaji ambayo nilitamani tungeambiwa. Sukari ya mwilini ikiwa haijadhibitiwa, jeraha huchelewa kufunga na hatari ya usaha huongezeka. Kisukari nacho si ugonjwa wa matajiri tena, hata Kibuye sokoni wapo wachuuzi wanaomeza vidonge vyake. Jino bovu, kidonda cha ngozi au maambukizi ya mkojo huweza kupeleka bakteria hadi kwenye chuma kipya, kwa hiyo hutibiwa kwanza. Upungufu wa damu hutibiwa kwanza pia, na jambo hili lapasa kutiliwa mkazo katika eneo letu la ziwa, ambapo malaria na selimundu havijatuacha. Sigara yafaa iachwe wiki kadhaa kabla. Virusi vya UKIMWI, ambavyo vimezigusa familia nyingi za ufuo huu, havimnyimi mtu upasuaji wa goti akiwa anatumia dawa zake na kinga yake iko imara. Nimekutana na mzee aliyeficha hali yake kwa kuogopa kukataliwa, na kule kuficha ndiko kuliko na hatari. Kuhusu uzito, imepimwa kwamba kila kilo moja ya mwili inayopungua hulipunguzia goti mzigo wa karibu kilo nne katika kila hatua. Mama alipunguza kilo saba mwaka uliopita. Anasema ameanza kulikumbuka gauni la harusi yangu.

Sitaki msomaji adhani kwamba nawatoa madaktari katika hesabu. Mkono wa mpasuaji una uzito wake: chuma kikikaa upande, au kano za ndani na za nje zikikosa ulinganifu, goti hulegea au kuchakaa kabla ya siku zake. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba wapasuaji na hospitali zinazofanya upasuaji huu mara nyingi kwa mwaka hupata matokeo bora kuliko zile zinazoufanya kwa nadra. Hivyo mgonjwa ana haki ya kuuliza, "Daktari, mwaka uliopita ulifanya magoti mangapi?" Katika utamaduni wetu swali hilo huonekana ufedhuli. Nilipomshauri mama aulize alinikazia macho kama zamani nilipokuwa darasani mwake. Lakini rubani huulizwa saa alizoruka. Uswidi ilianza kuyaandikisha magoti yote ya bandia katika rejista ya taifa mnamo mwaka wa 1975, Uingereza ikafuata mwaka wa 2003, na Malawi, ambayo haituzidi kwa mali, ilianza rejista yake mwaka wa 2005. Mgonjwa wa Kisumu au wa Homa Bay akitaka kujua magoti yaliyopasuliwa katika eneo lake yamefikia wapi baada ya miaka mitano, ataisoma wapi hesabu hiyo? Nauliza kwa nia njema.

Wenye uwezo huenda India. Siwalaumu, huko wapo wapasuaji hodari waliofanya maelfu ya magoti. Ila goti huvimba wiki ya tatu, na wiki ya tatu mpasuaji yuko ng'ambo ya bahari.

Tena kuna suala la fedha, ambalo tunalihesabu kombo. Tangu Oktoba 2024, NHIF ilipoondoka na mahali pake pakachukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, vikao vya familia vimejaa mjadala wa kiasi ambacho SHA italipa na kiasi kitakachochangwa. Huchangwa cha kitanda, cha kifaa, cha daktari. Sijawahi kuhudhuria harambee iliyomchangia mgonjwa nauli ya kwenda kwa mtaalamu wa viungo mara mbili kwa wiki, kwa miezi mitatu. Mtu wa Rusinga huvuka daraja la Mbita, hutafuta feri ya Luanda Kotieno au huzunguka kwa barabara kupitia Homa Bay, apate nusu saa ya mazoezi, kisha arudi njia hiyo hiyo na goti lililovimba. Baada ya safari ya pili huacha. Tunasema amekuwa mvivu. Naamini nauli hiyo, au ziara za mtaalamu wa viungo katika zahanati za karibu, ingeokoa magoti mengi kuliko chuma cha bei ghali zaidi.

Wanafunzi huenda wameanza kuona kwamba makala haya ni ya wazee. Basi niwageukie. Mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa tatu, winga hodari, alikatika kano ya ndani ya goti uwanjani bila kuguswa na mtu: aligeuka ghafla, mwili ukaenda kushoto na mguu ukabaki. Kano hiyo huunganisha mfupa wa paja na wa muundi. (Kiswahili chetu huita kano zote kwa jina moja, ile ya kuunganisha mfupa na mfupa na ile ya kuunganisha msuli na mfupa, watunga istilahi wana kazi hapo. Pia ya goti, kwa upande mwingine, tumeipa hata jina la anasa: kilegesambwa.) Kijana alijengewa kano mpya kwa kipande cha kano ya nyuma ya paja lake mwenyewe. Mwezi wa tano alikuwa anakimbia bila maumivu, kovu limefunga, na wenzake walikuwa na mechi ya vyuo vikuu. Alicheza. Kano ikakatika tena katika kipindi cha pili.

Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba kutoumwa ndiko kupona. Kano iliyopandikizwa hufa kwanza, kisha huota upya mishipa ya damu na kujijenga polepole kwa miezi mingi, na wakati huo wote haitoi taarifa ya udhaifu wake. Utafiti wa Norwei na Marekani uliochapishwa mwaka wa 2016 ulikuta kwamba kila mwezi ambao mchezaji alichelewa kurudi, hadi kufikia mwezi wa tisa, ulipunguza kwa takriban nusu uwezekano wa kuumia tena. Kalenda peke yake nayo haitoshi. Mguu uliopasuliwa hupimwa nguvu na kuruka, na hutakiwa ufikie angalau asilimia 90 ya mwenzake. Walio chini ya umri wa miaka 20 hivi ndio hukatika tena zaidi, pengine kwa kuwa ndio wanaorudi kwa kasi zaidi.

Mashabiki wakongwe watamkumbuka Ronaldo wa Brazil. Aliumia kano ya pia ya goti akiichezea Inter mnamo Novemba 1999, akapasuliwa, akarudi uwanjani tarehe 12 Aprili 2000 dhidi ya Lazio. Alidumu dakika chache tu. Alipojaribu kumpita mlinzi kano ilikatika kabisa, naye akaanguka akipiga mayowe yaliyosikika Italia nzima. Mara ya pili alitulizwa kwa muda mrefu zaidi, wengi wakamhesabu kuwa amekwisha. Mwaka wa 2002 alifunga mabao manane katika Kombe la Dunia, yakiwemo yote mawili ya fainali dhidi ya Ujerumani. Goti la mtu yule yule, lilipopewa miezi mitano lilikatika, na lilipopewa muda wake likaleta kombe.

Winga wangu hakurudi tena uwanjani. Ni mwalimu sasa, huko Ugunja, na nasikia ndiye huwazuia wanafunzi wake kurudi mapema.

Sasa nirudi nyumbani. Tangu Januari mama hufanya mazoezi ya goti la kushoto kabla ya kupasuliwa. Huketi ukumbini asubuhi, mfuko wa mchanga wa kilo moja umefungwa kifundoni, akiunyoosha mguu na kuushikilia hewani huku akihesabu: achiel, ariyo, adek. Mafundi wawili wamekiinua kitanda chake kwa matofali na kutia kiti cha mbao chenye tundu katika choo, ili asihitaji kuchuchumaa. Binamu yangu anayeuza samaki Dunga ameahidi barafu ya kulikanda goti, bidhaa ambayo ufuo huu haujawahi kuikosa. Maji moto yamepigwa marufuku na shangazi zangu wenyewe, ambao sasa ni wakali kuliko matroni. Nauli ya mtaalamu wa viungo ya wiki kumi na mbili imewekwa kando katika bahasha, na jina la mwenye kuishika si mimi.

Maagizo ya kurudi nyumbani tuliyaomba mapema kutoka kwa daktari, nikayaandika upya kwa Dholuo na Kiswahili kwa herufi kubwa, ukurasa mmoja. Kisigino nilikitaja mara tatu. Nilimkabidhi mama wiki iliyopita nikiwa na fahari ya mtu aliyelipa deni. Aliivaa miwani yake, akaisoma polepole, akaomba kalamu nyekundu. Pembeni mwa sentensi yangu ya nne, iliyosema "Kunja na kunyoosha goti mara kwa mara", aliandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: "Mara ngapi?"

Nilimpigia simu mtaalamu wa viungo. Alisema mara tano kwa siku, na kila mara akunje mara kumi. Nimeuandika ukurasa upya.